Hakuwa Mtu wa Watu

Fundi,

Najua ungekuwa hapa ungeuliza swali moja tu: barua ya nini, na anayeandikiwa hasomi? Niache. Umekufa, huna ruhusa ya kunikatiza. Ulipokuwa hai pia hukuwa unanikatiza, hilo nakupa. Wewe ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye mtu akinyamaza mbele yake hamwulizi ana nini.

Nimelipindua beseni langu kubwa nikalifanya kiti. Nguo za dereva mmoja wa Kigali ziko kambani, foleni ya malori haisogei, na mimi sina haraka. Nianze na habari.

Kibanda chako kimebomolewa. Mwenye ploti hakungoja hata majani yaote kaburini, akamleta mtu wa chipsi. Pale ulipokuwa unatandaza turubai za trela sasa kuna karai la mafuta na spika inayopiga muziki kutoka asubuhi. Muziki, Fundi! Ungehama hapo ulipolala. Zile nguzo zako nilizokuwa nafungia kamba zangu wamezing'oa, nikahamia huku nyuma karibu na shimo la mchanga, jua linafika likiwa limechoka na soksi zinalala na maji. Madereva wananiuliza, "Mama, yule mzee wa sindano kubwa ameenda wapi?" Nikiwaambia umekufa wanasema pole, halafu hapo hapo wanauliza ni nani sasa atawashonea turubai. Ulisema itakuwa hivyo. "Mtu akifa, watu wanaulizia kazi yake." Ulikuwa unapatia kila mara, na hiyo ndiyo tabia yako iliyoniudhi kuliko zote.

Lakini si hayo yaliyonikalisha chini na kalamu. Naandika kwa sababu uliniachia mzigo ule wa mazishi yako, kwenu Chakol, halafu hukukaa kuona nilivyoubeba. Unakumbuka. Tulikuwa kwenye chungu cha pombe, kikohozi kimeshakuanza, ukasema bila kunitazama: "Siku nikienda, watasema nilikuwa mtu wa watu. Wewe Ajiambo utasimama useme hapana." Nilicheka mpaka mrija ukanitoka mkononi. Mimi! Mimi ambaye hata kanisani kwetu Bukhayo nikiambiwa nitaje jina langu sauti inakimbilia tumboni. Nikakwambia tafuta mwingine. Ukasema, "Mwingine yuko wapi?" Ni kweli, hakuwepo. Basi nikainamisha kichwa nikakubali. Na tangu siku hiyo kikohozi chako kilinitisha mara mbili: niliogopa usije ukafa, na niliogopa nisije nikasimama pale ulimi ukakataa.

Hebu nirudi nyuma, maana saa zingine hata mimi najiuliza tulianzaje.

Tulianza kwa kutosalimiana. Malaba ni mji wa salamu, mtu anakuita boss kabla hajakuona uso, anakuuliza nyumbani hawajambo na nyumbani kwako hakujui. Wewe ulishona, mimi nikafua. Kamba zangu zilikuwa kwenye nguzo zako, sikuomba ruhusa, wewe hukukataza. Msimu wa mvua ukaja ukapita hivyo hivyo. Nilidhani unanichukia, nikastarehe kabisa. Kumbe na wewe ulidhani hivyo hivyo juu yangu, na ulikuwa umestarehe.

Halafu jioni moja ukaja ukasimama mbele ya beseni langu, kofia mkononi kama mtu aliyetumwa na chifu. Ukasema, "Mama, naomba unisaidie. Nataka ajono, hii pombe yetu ya chungu, na siwezi kunywa peke yangu. Watasema mimi ni mchawi. Njoo tu ukae. Si lazima uongee."

Mimi ni Mluhya, mambo ya chungu chenu sikuyajua vizuri. Nilijua tu kwamba Wateso wanakaa duara, mirija mirefu imeingia kwenye chungu kimoja, mwenye kilabu anapita na maji ya moto akiongeza. Sikujua kwamba mtu akionekana na chungu peke yake, mrija mmoja, watu wanaanza kuulizana anakunywa na nani asiyeonekana. Na wewe walishaanza kukusema. Mzee hana mke, hana mtoto, haongei, ana sindano ndefu kuliko mkono wa mtoto. Walikuwa wanangoja chungu tu wamalize kesi. Basi ulihitaji shahidi. Nimeposwa mara mbili maishani, Fundi, na hiyo posa ya pili ndiyo niliyoikubali kwa moyo wote.

Tulikaa. Ukanionya nisishike mrija kwa mkono wa kushoto na nisipulize mapovu. Hayo tu. Tukanywa mpaka ng'ombe wakarudi, hatukusema kitu, nikaenda kulala nikiwa nimefurahi hata mimi nikajishangaa. Unajua kwetu mwanamke anayeishi peke yake anahojiwa kama mshukiwa. Umeachwa? Umefiwa? Huzai? Nani anakulisha? Nilifiwa, ndiyo, lakini hata kabla ya kufiwa nilikuwa napenda kukaa peke yangu. Sikumkimbia mtu. Watu wananichosha, basi, na sijui mahali pa kuupeleka ugonjwa huo. Wewe ulikuwa wa kwanza kuniangalia kama mtu asiyepungukiwa kitu.

Halafu wakasema sisi ni wapenzi. Ukaudhika mpaka ukatoboa kidole. Dawa yako ikawa kumleta Etyang, soja wa pale wanapoegesha malori, yule ambaye maneno yake ya kutwa nzima yangeenea kwenye kifuniko cha soda. Ulimwambia maneno yale yale: njoo ukae, si lazima uongee. Akaja kabla hujamaliza. Na baadaye akaja mama wa karanga, anayevuka kutoka upande wa Uganda na beseni kichwani. Wote walikuwa wanamwita Nalongo, kwa sababu kwao mama wa pacha haitwi tena jina lake la kwanza. Pacha wenyewe walikufa wote wawili wakiwa wadogo, lakini jina halifi. Mtu akimsalimia kwa heshima anamchoma kisu. Ndiyo maana alikuwa anakwepa watu, anauza karanga akiangalia chini. Wewe ulimwuliza siku ya kwanza, "Nikuite nani?" Akasema, "Usiniite." Na hukumwita, Fundi. Miaka yote ile ulisema tu "wewe", na hakuna siku nilimwona akiinua uso kwa jina lolote kama alivyoinua kwa hiyo "wewe" yako.

Wanne tulitosha. Mtu wa tano alijaribu kuvuta kigoda, ukamwambia, "Tumejaa," na nafasi ilikuwepo hata ya ng'ombe.

Tukiongea, uliongea wewe, na Mungu wangu, maneno yako! Ulisema kuzaliwa ni kama kushushwa stendi usiyoijua, usiku, na kondakta ameshaondoka na mzigo wako. Ulisema mtu akikuahidi raha, mwulize ameiona wapi. Ulisema ungeulizwa kabla ya kuja ungejibu hapana, asante, nyinyi endeleeni. Nilikuuliza siku moja kwa nini hukuoa, hukuzaa, nikijua nimevuka mpaka. Hukukasirika. Ulivuta mrija, ukasema, "Sitamwita mtu aje hapa halafu nianze kumwomba msamaha." Mama wa karanga alilia. Tuliangalia pembeni, kama ilivyokuwa desturi yetu, mpaka akamaliza.

Mhubiri wa pale sokoni alikuita mtu wa giza. Mimi ningemwambia njoo ukae na huyo mtu wa giza. Kwa sababu neno lako la pili, ulilokuwa unalisema baada ya yale ya kutisha, ni hili: "Kila unayemwona amebebeshwa kitu ambacho hakukiomba. Kwa hivyo usimwongezee." Ulilifuata kuliko wengi wanavyofuata amri kumi. Dereva akikupigia kelele ulishona. Jua likihamia kwenye beseni la karanga, ulikuwa unainuka kimya kimya unasogeza kipande cha turubai, unarudi kukaa. Ulikuwa huamini dunia itapona, lakini uliitembeza taratibu kama mgonjwa. Mimi sijasoma sana. Lakini nimesikia mahubiri mengi ya matumaini, na wenye matumaini ndio walionisukuma zaidi.

Ulipolazwa Busia tulikuja kukuona kila mtu kivyake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Nesi aliniambia una wageni wa ajabu, wanakuja mmoja mmoja, wanakaa, wanaondoka, hawaombi wala hawaulizi dawa. Siku ya mwisho nilifungua mdomo nikwambie utapona, ukainua kidole. "Usiniambie hiyo. Niambie kama mvua imenyesha." Nikakwambia imenyesha, nguo zote zimelowa tena, nimetukana mbingu. Ukatabasamu. Kesho yake kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi. Nilisimama pale nikiangalia jinsi ile shuka ilivyofuliwa, maana sikujua pa kupeleka macho.

Sasa Chakol.

Kaka yako alikuja kutoka Nairobi na mahema, na viti vya plastiki, na spika, Fundi, spika mbili kubwa kama kabati za nguo. Emsii alikuwa na suti ya rangi ya kahawia iliyong'aa. Watu walijaa mpaka kwenye mihogo. Watu ambao hujawahi kuwaona walilia wakagaagaa, na wengine nilisikia wakiulizana marehemu ni nani. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, mikono imekuwa baridi kama nimefua asubuhi ya Julai.

Wakaanza. Majirani wakaitwa, wakasimama, wakasema ulikuwa mcheshi. Mcheshi! Watu wa kanisa wakasema ulikuwa nguzo. Mtu mmoja nisiyemjua akasema milango yako ilikuwa wazi daima kwa kila mtu, nami nikakumbuka ule mlango, jinsi ulivyokuwa unaufunga kwa waya ukiona watu wawili wanakuja. Kisha kaka yako akasoma wasifu. "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Nikafumba macho. Akaendelea: "Kwa bahati mbaya, hakujaliwa mtoto." Na hapo mama yako, yule bibi mdogo aliyekaa mbele na leso kichwani, akatikisa kichwa polepole, na mwanamke aliye karibu nami akamnong'onezea mwenzake kwamba mama amezunguka kwa waganga na kwa waombeaji miaka yote akitafuta nani alimfunga mwanawe asizae.

Hiyo hukuniambia. Labda hukujua. Nilikuwa nimeanza kujishawishi ninyamaze, nikisema marehemu hasikii, nani atajua. Lakini yule bibi alikuwa anasikia. Alikuwa anazika mtoto aliyelogwa, na wewe hukulogwa.

Emsii akauliza, "Marafiki wa marehemu? Wasimame, tafadhali." Hakuna aliyesimama. Akauliza tena, akicheka kidogo. Nikaona miguu yangu inakwenda. Siwezi kusema niliiamrisha. Akanipa ile maikrofoni, akaniuliza, "Wewe ni nani wa marehemu, mama? Jirani? Mfanyakazi mwenzake? Chama gani?" Tulikaa miaka yote ile, Fundi, na hatukuwa na jina. Watu wakaanza kuguna, wengine kucheka, najua walifikiri nini.

Na hapo, upande wa kushoto, chini ya hema la wazee, nikaona mtu mrefu anainuka. Etyang, na koti lake la kazi. Na kule kwenye akina mama, beseni likiwa miguuni, mama wa karanga. Wote walikuwa wamekuja peke yao, wamekaa mbali mbali, kila mmoja akidhani wengine hawatakuja kwa sababu sisi si watu wa kwenda mahali. Etyang hakungoja maikrofoni. Alisema kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Sisi tulikuwa tunakaa na yeye."

Basi nikasema. Sikumbuki kila neno, lakini haya nayakumbuka. Nikasema naitwa Ajiambo, nafua nguo za madereva Malaba. Nikasema huyu mtu hakuwa mtu wa watu. Watu walikuwa wanamchosha. Sisi wenyewe tulikuwa tunamchosha, akituvumilia. Nikasema hakuipenda dunia, na hakudanganya kwamba anaipenda. Watu wakaanza kuguna sasa kwa hasira, kaka yako akasimama. Nikageuka kwa mama yako, nikasema, "Mama, nisamehe, lakini mwanao hakunyimwa mtoto. Hakuna mkono wa mtu. Alikataa mwenyewe. Alisema dunia ni ngumu, hataki kumwita mtu aje aumie halafu amwombe msamaha. Alituonea huruma sote, hata wale ambao hawajazaliwa. Miaka yote niliyomjua hakuniongezea mzigo hata siku moja. Hayo tu ndiyo aliyonituma." Sauti ilikatika hapo. Ilikuwa imevumilia vya kutosha.

Emsii alishika maikrofoni akaivuta. Kaka yako alikuwa ameshafika karibu nami, uso umevimba. Ndipo mama yako akainua mkono. Alisema kitu kwa Kiteso, polepole, na spika zikasikika zikivuma. Msichana aliyekaa karibu naye akanitafsiria, huku akilia: "Anasema mwacheni huyo mama. Anasema tangu asubuhi mnamzika mtu mwingine, alikuwa anajiuliza mwanawe yuko wapi. Anasema sasa ndiyo amefika."

Fundi, nililia pale mbele ya watu wote vile nilivyokataa kulia kwenye mazishi ya mume wangu.

Baada ya kaburi kufunikwa, mama yako alituita. Aliagiza chungu kidogo kiwekwe nyuma ya nyumba yake, mbali na mahema, akakaa nasi. Hakuuliza kitu. Alishika mrija kwa mkono wa kulia, akanywa, na mara kwa mara alikuwa anatuangalia mmoja mmoja kama mtu anayesoma uso wa mwanawe kwenye nyuso zetu. Nikaelewa ulitoka wapi. Yule bibi pia ni wetu. Amezungukwa na ukoo mzima na amekuwa peke yake muda wote huo.

Hiyo ndiyo ripoti. Nilitimiza.

Sasa nikwambie lile baya. Tangu siku hiyo hatujakaa tena. Nampita Etyang getini, ananipungia, nampungia. Mama wa karanga anavuka, ananiachia karanga za mkono mmoja kwenye ukingo wa beseni, anaendelea. Hakuna aliyesema njoo. Sisi watu wa namna hii tunajua kuja tukiitwa, hatujui kuita. Wewe uliweza kwa sababu uliogopa kuitwa mchawi. Mimi nimeanza kurudi kule nilikokuwa kabla yako, Fundi, na kule kumebadilika. Nilikuwa napenda kukaa peke yangu. Sasa nimekaa peke yangu tu, na chumba kinanililia masikioni. Kuna asubuhi naangalia lundo la mashati nasema, nikiacha kuamka nani atajua, mpaka dereva akose nguo.

Usiinue kidole. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe uliutaka.

Kwa hivyo nimeamua. Jumamosi nitaenda getini kwa Etyang, nisimame mbele yake, nimwambie aje. Kisha nitamngoja mama wa karanga mpakani, nitamwambia "wewe, njoo". Wakikataa nitaenda Jumamosi inayofuata. Na mwisho wa mwezi tutapanda gari kwenda Chakol kwa mama, tukae naye nyuma ya nyumba, maana sasa anajua kuna watu wa kukaa naye. Hilo nakuahidi, na unajua ahadi zangu zinavyonitoa jasho.

Lala, Fundi. Pumzika mbali na watu, na spika, na dunia yote uliyoisema vibaya kwa haki.

Ila kuna jambo moja lazima tugombane kabla sijafunga. Uliniambia asiyetarajia kitu kwa mtu haumizwi naye. Nililiamini hilo, likanisaidia siku nyingi. Lakini mimi sikutarajia chochote kwako, hata salamu. Jana nimefua koti la dereva mmoja, nikakuta kwenye pindo mshono wako, ule wa uzi wa nta, uliomshonea siku moja alipochanikiwa njiani, na nimekaa chini kwenye matope nikalia mpaka madereva wakazima injini kuniangalia. Kwa hilo moja ulinidanganya, Fundi, na nimekusamehe.

Ajiambo